Siku Nilipouona Mfupa wa Saidi

Siku moja haijanitoka moyoni hata leo, mwanangu: siku niliyouona mfupa wa mume wangu ungali ndani ya mguu wake.

Saidi alitoka kwetu Nkowe kwenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye yale mashamba makubwa ya karanga. Gogo likambingirikia, likamvunja mguu chini ya goti. Katika hospitali ya huko akafungwa plasta toka pajani hadi vidoleni, akalala nayo muda mrefu. Ndugu walishaanza kunong'ona kwamba jembe hatalishika tena.

Plasta ilipofunguliwa, akapelekwa chumba cha eksirei. Mpiga picha, Mmakonde mcheshi aitwaye Yohana, akatutoa nje mimi na mama mkwe, tuliokuja kumuuguza. "Miale hii huioni," alisema, "lakini haichezewi."

Baadaye akaja na picha mbili, akaziinua dirishani penye mwanga. Moyo ulinienda mbio kama wa bibi harusi.

"Penye weupe ni mfupa, maana unazuia miale. Nyama ni kijivu. Hewa ni nyeusi."

"Mbona picha mbili, na mguu ni mmoja?" nikamuuliza.

"Hii ya mbele, hii ya ubavuni. Mfupa uliopinda, ukiutazama upande mmoja tu, unaweza kukudanganya kuwa umenyooka."

Nikatazama zote mbili. Palipovunjika pamezungukwa na weupe kama wingu, ndio mfupa mpya, Yohana akasema. Mfupa umeunga, tena umenyooka. Sikungoja neno jingine, nikakimbilia wodini.

"Saidi, inuka, umepona. Nimeona kwa macho yangu."

Akainuka, nimemshika. Goti likakataa kukunjika. Paja lilikuwa limekonda, halina nguvu, na jasho likamtoka kwa woga. Akarudi kitandani akageukia ukutani.

Mama mkwe, mwanamke wa Kimwera asiyependa maneno mengi, akanivuta kando. "Picha umeitazama, mwanangu. Mtu mwenyewe je?"

Picha ilisema kweli, ila haikusema yote. Haikuonyesha maumivu, wala nguvu iliyopotea, wala hofu. Tukamwita dresa, yule mhudumu wa kufunga vidonda, akatufundisha kulikunja goti na kulinyoosha taratibu, kisha kusimama kwa kuegemea. Mwenda pole hajikwai. Msimu wa kuvuna ufuta, Saidi alishuka kwenye lori pale Nkowe kwa miguu yake mwenyewe, na shangazi zake walipiga vigelegele mpaka dereva akazima injini asikilize.

Basi wewe unayesomea kuwarudishia watu nguvu za viungo vyao, ipende picha, uisome vizuri. Hakikisha jina ni la mgonjwa wako, na ujue kama mguu ni wa kulia au wa kushoto. Dai na picha ya upande wa pili. Fuata ukingo wa mfupa kwa jicho, polepole, na ukitia shaka muulize daktari. Kuuliza si ujinga. Kisha iweke chini, umshike mgonjwa, umuulize panapouma.

Mungu akupe jicho kali na mkono mpole, na kila utakayemwinua, asimame.