Mlango Niliomfungia Mama Wangari

Asubuhi ile tulikuwa bombani, mimi na Mama Wangari, tukigombania jiwe la kufulia. Yeye alikuwa Mkikuyu, mke wa seremala wa reli; mimi Mtaita wa Bura, niliyeletwa Voi na mume mwenye kazi ya stesheni. Nyumba zetu zilishikana ukuta, na jiko letu lilikuwa moja. Nilipojifungua Wakesho, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji moto. Siku hiyo alinitania kwamba Wataita tunafua nguo kama tunaosha mboga. Nilicheka hadi povu likaniingia machoni.

Jioni ililetwa barua. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, na ndugu yangu Mwakio, askari wa serikali ya kikoloni, alikuwa ameuawa na wapiganaji Wakikuyu wa msituni kule Nyandarua. Mama yetu hakuwa na mtoto mwingine wa kiume.

Mama Wangari alikuja na sufuria ya uji.

"Mama Wakesho, nimesikia. Pole, dada yangu."

"Ni watu wenu waliomuua," nikasema, nikafunga mlango.

Nilimsikia akiondoka na uji wake. Nitasema kweli: nilifurahi.

Majuma matatu hatukusalimiana. Nilingoja atoke jikoni ndipo niingie. Mume wangu alinikanya, nikamjibu kwamba hakuzaliwa tumbo moja na Mwakio.

Kisha wanajeshi wakaja.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Walizingira nyumba zote, wakidai vitambulisho.

"Vipande! Toeni vipande!"

Wanaume Wakikuyu walitengwa, wakachuchumaa, mikono kichwani. Baba Wangari alikuwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Askari mmoja alinijia. "Huyu unamjua? Ni mtu wa namna gani?"

Nilimjua. Kitanda alicholalia mwanangu alikitengeneza yeye, akakataa malipo.

"Namwona tu," nikasema.

Baba Wangari alisikia. Aliinamisha kichwa.

Lori likaondoka.

Huenda neno langu lisingemwokoa. Lakini sikulitoa.

Alifungwa kambini, huko nyikani, si mbali na Voi. Homa ya matumbo ilizuka humo, na kabla ya mvua za vuli akafa. Mkewe hakuonyeshwa hata kaburi.

Kwetu Dawida, milimani kwa Wataita, hasira iliyofichwa moyoni si jambo dogo. Humla mtu, hata asiyekukosea. Niliamini kwamba yangu ndiyo iliyomla Baba Wangari, na usingizi ukanihama. Nikapanda Bura kwa mama. Mama alikuwa Mkristo wa benchi la mbele, lakini alinisikiliza hadi mwisho.

"Enda utase," akasema. "Na usitase hapa mlimani kama mtu anayejificha. Tasa mbele yake."

Kutasa ni kujaza maji mdomoni, kuyatema kwa kuyapuliza, na kutamka yaliyo moyoni ili hasira itoke.

Niliporudi Voi nilimkuta Mama Wangari amefunga mizigo. Serikali ilikuwa ikimrudisha kwao kwa treni ya mchana. Alinifungulia mlango. Nikachota maji kwa bakuli, nikapiga magoti kizingitini, nikayatema.

"Nilikukasirikia kwa damu ambayo hukuimwaga. Hasira hiyo itoke. Baba Wangari nilimkana, nisamehe. Na Mwakio, ndugu yangu, alale."

Tangu barua ile sikuwa nimelitaja jina la ndugu yangu. Nililia hadi kifua kikawa chepesi. Kisha nikampa bakuli ili na yeye atase, amalize yake.

Hakuijua desturi yetu. Aliyanywa. Aliyameza maji yote polepole, akanirudishia bakuli tupu.

"Asante," akasema. "Nilikuwa na kiu."

Sikumsahihisha. Ningemwambiaje ateme hasira, naye hata kaburi hakupewa? Alikaa chini kando yangu, akanishika mkono, tukabaki hivyo hadi treni ilipopiga honi.

Tangu hapo nimezika mama, nimezika mume, na kila msiba nimeubeba kwa kukumbuka mkono ule. Barua nilizomwandikia hazikujibiwa. Mimi nilipona siku ile. Yeye, sijui.