Waya Zima

Nilitoka Voi alfajiri, nikapita Kibwezi na Kitui, nikalala Embu, na kesho yake nikaingia Meru mgongo umekufa ganzi. Pikipiki yangu ni ile kubwa ya safari, yenye spika mbili mbele ya usukani. Njia yote sikuzisikia nyimbo zangu. Kila nilipoongeza mwendo, upepo ulizimeza, na mimi bila nyimbo za ujana wangu siwezi kukaa barabarani wala nyumbani.

Nilipanga chumba mtaa wa Majengo. Jirani yangu, mtu wa Laare, alikuwa fundi wa redio na muziki wa magari. Nikanunua spika mpya na amplifaya yenye nguvu, naye akanieleza kwamba waya wa zamani ni mwembamba mno. Tungevuta mwingine mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri, upite chini ya kiti mpaka mbele. Fyuzi, ya kukata moto waya ukigusana, angeitia mwisho.

Akaniweka nyuma niupitishe waya chini ya kiti, yeye akainama kwenye betri na spana mkononi. Kabla ya kukaza akauliza bila kuinua kichwa:

"Mzee wa pwani, ni zima?"

Nikatazama swichi. Ufunguo nilikuwa nimeutoa.

"Zima," nikamjibu.

Kwetu tungesema waya mzima, au nzima. Yeye alikuwa akiuliza kama waya haujachubuka, si kama pikipiki imezimwa. Ulikuwa umechubuka, pale bawaba ya kiti ilipoubana, na shaba ilikuwa imeegemea chuma.

Alipokaza, moshi ulitoka kwanza kwangu, kisha kwake. Mpira wa waya uliyeyuka kwenye kiganja chake cha kulia. Angeuachia, lakini tangi la petroli lilikuwa juu ya waya huo, kwa hiyo aliushika vilevile mpaka akaung'oa. Alikaa chini, akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Nilimpeleka hospitalini. Daktari alisema ngozi itarudi. Kuhusu vidole, tungoje. Mkono ule ndio uliolisha nyumba yake. Kila asubuhi nilisikia mkewe akimfungua bendeji upande wa pili wa ukuta wangu, nami nilibana pumzi nisikie kama atasema vidole vimepinda. Siku moja mama huyo alinikuta bombani, akaniambia Kiswahili changu ni kingi mpaka kimeziba masikio.

Kazi ya pikipiki niliimalizia mimi, yeye akiniamuru kutoka kwenye kigoda. Sasa kila neno tuliulizana mara mbili. Wateja walipokuja, nilijifanya nashughulika na skrubu.

Wiki ya tano alishika bisibisi. Vidole vinne viliifunga. Cha mwisho kilibaki kimenyooka. Nikamwambia nitabaki nimsaidie mpaka nacho kipinde.

"Hapana," akasema. "Ukikaa hapo, kila mtu anauliza hii mkono ilichomwa na nani. Mimi nasema ni wewe, anacheka, halafu anaenda kwa fundi mwingine. Wewe enda, mzee. Wacha nifanye kazi."

Hakuwa na hasira. Nilifunga mizigo siku hiyohiyo, tukapeana mikono ya kushoto, nikashika barabara ya Chuka kuelekea Embu. Spika zilisikika vizuri hata kwenye mwendo mkali. Meru sijarudi tena.