Gari Lisilosimama

Mjomba wangu Thuwaini alikuwa dereva wa hoteli moja ya kaskazini, na kwa miaka mingi safari yake kutoka Mjini haikuwahi kuwa safari tu. Mwenye mgonjwa alimsimamisha kumpa habari. Mwenye ndugu Mahonda alimpa mkoba wa muhogo ampelekee. Akikutana na jeneza, aliteremka kutia bega. "Gari la watu hili," alikuwa akisema, ingawa lilikuwa la mwenye hoteli.

Mwaka 2007 mwenye hoteli, aliyeishi Dar es Salaam, alifunga kompyuta katika magari yote, hata la meneja. Gari likisimama bila ruhusa au likienda mbio, habari zilifika hapo hapo ofisini Shangani, mjini, na kwa mwenyewe Dar es Salaam. Meneja Hisham, kijana wa Mkokotoni, akamwita mjomba.

"Ami Thuwaini, una makosa mawili. Umesimama Mahonda, ukasimama tena Kinyasini."

"Mahonda palikuwa na maiti."

"Kompyuta haijui maiti."

"Basi n'fanyeje?"

"Usisimame. Kosa la tatu, kazi huna."

Mjomba alikuwa na watoto shuleni, na mke aliyemuuliza bei ya mchele kana kwamba yeye ndiye aliyeipanga. Akatii neno kwa neno. Alipoitwa njiani, alipunguza mwendo mpaka gari likatambaa, na aliyemwita akatembea kando ya dirisha. Salamu, wagonjwa na muhogo vyote vikapita dirishani huku magurudumu yakizunguka. Jeneza alilifuata kwa nyuma taratibu, akiomba dua na mguu juu ya breki. Watalii walipiga picha, wakidhani ni sehemu ya matembezi waliyolipia. Mwisho wa mwezi kompyuta ikamtaja kuwa dereva bora: hasimami, haendi mbio.

Aliyeudhika ni Bi Hamda wa Mkokotoni, mama yake Hisham. Zamani mjomba alikuwa akiteremka kwake, akimwamkia, akinywa kahawa, kisha akichukua pweza wa kumpelekea Hisham mjini. Sasa Bi Hamda, na magoti yake yale mabovu, alilazimika kulikimbilia gari na pweza mkononi.

Ijumaa moja akasimama katikati ya barabara. Mjomba akafunga breki.

"Shikamoo, Bi Hamda. Niwie radhi, nnakwenda kuchukua wageni."

"Marahaba. Teremka."

"Nikiteremka nshaachishwa kazi. Mwanao kasema."

"Mwanangu nimemzaa mimi. Zima gari."

Akazima. Ofisi ikampigia simu Hisham, ambaye siku hiyo alikuwa hotelini, naye akaja kwa gari lake kwa hasira. Alimkuta mjomba amekaa mkekani na kikombe mkononi.

"Ami Thuwaini, hili ni la tatu."

"Vua viatu," mama yake akamwambia. "Hujaniamkia mimi, wala hujamwamkia ami yako."

Hisham akavua, akaamkia, akakaa. Akapewa kahawa, kisha wali, maana pweza alikuwa keshapikwa.

Wakiwa wanakula, simu yake ikalia. Alikuwa mwenye hoteli: kwa nini magari mawili yamesimama pamoja Mkokotoni, na moja, la meneja, limekwenda mbio mara mbili njiani?

Hisham alimtazama mama yake, kisha mjomba, aliyekuwa akijitilia mchuzi.

"Tuko kwenye kikao," akasema. "Na dereva bora."

Mjomba hakuachishwa kazi. Kwa hesabu ya kompyuta, siku ile ingebidi waondoke wawili, na hapo ndipo Hisham alipogundua kwamba kompyuta nayo huweza kukosea.