Kiazi cha Koko Katika Shamba la Juu

Kule Giheke, katika utoto wangu, hakukuwa na mtoto wa kunishinda kukimbia, kupiga domo wala kuchekesha watu. Shule niliiacha mwaka wa tatu, na hadi leo naamini ndiyo iliyopata hasara. Lakini kuna jambo moja la miaka ile limenishinda; kila nikilisimulia linatoka tofauti.

Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka ukimbizini Bukavu, upande wa Kongo, baada ya vita: mimi, mama yangu niliyemwita Maman, mama yake tuliyemwita Koko, na mdogo wangu Fiston, aliyevimba miguu kwa utapiamlo. Kwenye kituo cha afya Maman alipewa mbegu za soya, kikapu kimoja tu, apande ampikie mtoto uji. Komini, yaani serikali ya pale kwetu, ilitupa mashamba mawili: la bondeni, jembamba, na la juu, lenye udongo mweusi, lililolala kwenye magugu tangu wenyewe wakimbilie Kongo. Hawakuonekana tena.

Koko hakupanda kitu kabla ya kuliuliza shamba kama liko tayari. Alichemsha viazi vitamu, akafukia kimoja huku na kimoja kule, akachomeka kijiti juu. Siku ya kufukua tulikwenda wote. Kiazi cha bondeni kilitoka kizima. Cha juu kilikuwa matundu matupu; funza weupe wamejikunja ndani, na wengine wa njano, wembamba, wagumu kama waya.

"Hii shamba ingali na benyewe," Koko akasema. "Balikimbia bila kuaga. Bangali banakula."

"Maman, hayo ni mambo ya bapagani," mama yangu akamjibu. "Komini ndiyo ilitupatia."

"Komini ilikupatia udongo. Benyewe balikupatia nini?"

Nikadakia: "Koko, basi hao bafunza ndio bakubwa ba hapa? Nibaamkie?"

"Baamkie. Pengine batakuvumilia, mwalimu alishindwa."

Maman alipanda shamba la juu. Viganja vichache vya mbegu alimwachia Koko, nadhani kumnyamazisha tu, naye akavipanda bondeni. Kule juu soya iliota madoa madoa, miche mingine bila vichwa, mingine ikinyauka tukiitazama. Ukiuvuta mche, mzizi haupo. Maman alikaa kwenye tuta akalia bila sauti, maana mbegu nyingine hatukuwa nayo. Bondeni soya iliota yote, na uji wa hiyo soya kidogo ndio uliompunguzia Fiston uvimbe.

Msimu uliofuata Maman alilima la juu mapema, akaliacha lichomwe na jua. Koko naye akamwaga pombe ya ndizi pembeni, akaongea kwa upole na watu ambao sikuwaona. Kiazi alichofukia tena kule juu kikatoka kizima. Sasa nani aliwaondoa wadudu?

Agronome, mtaalamu wa kilimo aliyepita kwetu, alinieleza kwamba funza hukaa kwenye shamba lililolala na majani, na ukiligeuza jua huwaua. Nikaelewa mara moja, kichwa changu si cha mchezo. Kisha nikamuuliza kama wenye shamba wako hai. Akasema yeye huulizwa mambo ya udongo tu.

Leo nalima soya mwenyewe, na kabla ya mbegu nafukia kiazi. Nikikuta funza, nasubiri. Nisipowakuta, bado nasimama kidogo na jembe mkononi, mimi mwenye mdomo wote huu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.