Kimeo Kilichosalimika

Nilipokuwa mtoto, kule Nambambo, hakuna mtu aliyeumwa koo. Watu waliumwa kimeo. Ukikohoa siku nyingi, kimeo. Ukikonda, kimeo kimerefuka, kinakunyang'anya chakula. Kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya ulimi, ambacho Mungu alikiweka pale kwa sababu zake, kwetu kilikuwa mshitakiwa wa kudumu, na hukumu yake ilikuwa moja tu: kukatwa.

Fundi wa vimeo alikaa Malolo, upande wa Ruangwa. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kuliko nilivyomjua mwalimu mkuu. Watoto waliopelekwa kwake walirudi na habari: kwamba ana kisu kilichopinda kama mundu mdogo, kwamba anakubana katikati ya magoti yake, na kwamba akimaliza anamwonyesha mzazi kipande kwenye kiganja ili mzazi aridhike kuwa kazi imefanyika. Zainabu, niliyekaa naye dawati moja, alipelekwa akiwa na sauti ya kuamsha mtaa. Alivuja damu mpaka kanga ya mama yake ikalowa, na tangu siku hiyo maneno yake yalitokea puani. Akisoma darasani watu walicheka. Mwisho akaacha kusoma kwa sauti. Nikimkumbuka leo, hasira yangu haina pa kukaa.

Kwa hiyo asubuhi niliyoamka nashindwa kumeza hata mate, mwili unawaka, nilinyamaza. Nilijua nikisema tu, nimekwisha. Kumbe kunyamaza ndiko kulikonisaliti.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniita, maana kwa utani wa nyumbani mimi na yeye tulikuwa wake wa mume mmoja, babu, "leo redio haina betri?"

Nikatikisa kichwa.

"Achama."

Nikaachama. Akanigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, akachungulia. Kisha akasema maneno aliyoyasema kila mtoto wa ukoo alipougua: "Hiki kitateremka. Kikitoka kooni kinaingia magotini. Kikitoka magotini kinaingia moyoni. Ndivyo kilivyonichukulia Somoe."

Somoe alikuwa mdogo wake mama. Alikufa akiwa msichana, mimi sijazaliwa. Kwa Bibi, Malolo haikuwa mila wala ushamba. Ilikuwa mbio za mtu aliyechelewa mara moja na hataki kuchelewa tena. Hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba Bibi alimfunga jogoo miguu kwa ajili ya fundi, na kwamba sauti yangu ilikuwa inakwenda kufuata ya Zainabu.

Tukiwa barabarani tunasubiri gari, jirani yetu Mama Shaibu akatukuta. Alipoambiwa tunakokwenda akashangaa. "Malolo ya nini, mama? Serikali imeleta mafundi wake pale zahanati. Tangu jana wanawaachamisha watoto, wanawaingiza kijiti. Na wala hawataki jogoo."

Bibi akafikiri kidogo, akageuza njia. Mimi nikamfuata kama mbuzi anayepelekwa machinjioni kwa njia ya mkato.

Sasa, wale hawakuwa mafundi wa vimeo. Walikuwa watu wa utafiti, wamekuja kujua ni vijidudu gani vinavyokaa kwenye makoo ya watoto na vinazuilikaje kabla havijaleta madhara. Hilo walimweleza mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akawaeleza wajumbe, na kila lilipopita mdomo mmoja lilipungua, mpaka lilipofika kwa Mama Shaibu limebaki kijiti tu.

Aliyetupokea ni nesi kijana wa kike, mchangamfu, kaweka meza yake kwenye baraza. Akamweleza Bibi kwamba anapima koo, akamwomba ruhusa. Bibi akakubali haraka, kama mtu anayeogopa bidhaa isije ikaisha. Nesi akasema nifungue mdomo, niseme aaa. Nikafumba macho. Kijiti chenye pamba kikagusa nyuma ya koo, nikataka kutapika, na nilipofumbua macho alikuwa anakitia kwenye kichupa.

"Tayari," akasema. "Hodari huyu."

Bibi akanyoosha kiganja. "Kiko wapi?"

"Nini, Bibi?"

"Kipande."

"Kipande gani?"

"Usinifanye mtoto. Umekata, nionyeshe ulichokata."

"Sijakata kitu, Bibi. Nimechukua uteute wa kooni, tukaupime."

"Umechukua mate ya mjukuu wangu?"

Benchi zima la waliosubiri likageuka. Kwetu mate ya mtu, kama zilivyo nywele na kucha zake, si kitu cha kutiwa kichupani na mgeni. Anayevikusanya ana lake jambo. Bibi akasimama. "Jina lako nani?"

"Komba."

"Mngoni." Bibi akalitamka kama mpelelezi aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Babu zako walichukua mbuzi wetu sisi Wamwera. Wakachukua na wanawake. Leo mmerudia mate?"

"Mbuzi waliisha, Bibi," Komba akajibu papo hapo. "Ndiyo tumefuata mate."

Benchi likaangua kicheko. Bibi alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Wangoni ni watani wetu, na huwezi kumkasirikia mtani anayejibu vizuri. Utakuwa umeshindwa mara mbili. Akakaa. Komba akaanza kuuliza maswali yake.

"Mnalala wangapi chumba cha huyu mtoto?"

"Unataka kuja kulala?"

"Kama kuna nafasi. Nikikuta mmebanana sana nitajua kwa nini mnaambukizana makoo."

"Tunabanana. Nyumba ni moja, wajukuu ni wengi." Kisha Bibi akaacha mzaha. Akamweleza habari za Somoe. Kwamba koo lilimuuma, likapoa lenyewe. Kwamba baadaye goti moja likavimba, likapona, likavimba la pili. Kwamba miaka ilivyokwenda akawa hawezi kubeba ndoo bila kupumzika njiani, halafu akawa hawezi kubeba hata kikombe.

Komba aliiweka kalamu chini. "Alikatwa kimeo?"

"Alikatwa. Mapema."

"Na bado kikateremka?"

Nilikuwa nimekaa pembeni ya Bibi, mkono wake uko begani mwangu, na niliusikia mkono ule ukilegea.

"Bibi," Komba akasema, taratibu sasa, bila utani, "kinachoteremka kipo. Umekiona sawasawa. Ila si hicho kinachoning'inia. Ni kijidudu kinachoshika koo. Ukikata kimeo, chenyewe kinabaki palepale, kinaendelea na safari. Kinazuiwa na dawa, tena mapema. Ngoja nikipime, nikikikuta nitakuja mwenyewe. Siku ya gulio."

"Wote husema hivyo."

Na hapa naomba nisimame upande wa Bibi. Walikuwa wamekuja wengi kabla ya Komba. Waliopima maji, waliohesabu vyandarua, waliotoboa vidole vya watoto. Wote waliondoka na majibu yetu, na hakuna aliyewahi kurudi kutuambia tulijibu nini. Mtu akikuchukulia damu asirudi, halafu akuite mgumu wa kuelewa, basi mgumu ni yeye.

"Siku ya gulio," Bibi akasema, "jua likipita paa la msikiti hujaja, sisi tuko njiani Malolo."

Nesi akanipa vidonge vya kushusha homa, akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi. Nikasukutua kama anayetubu. Siku ya gulio ilipofika, Bibi alivaa kanga zake za safari mapema, jogoo akatiwa kapuni. Mimi nilikaa nje, masikio yako barabarani. Pikipiki ya kwanza ilipounguruma moyo uliruka, kumbe ni bodaboda aliyeitwa kutupeleka stendi. Jua lilikuwa limeligusa paa. Bibi akanipakia, akapanda nyuma yangu, akaliweka kapu magotini.

Tulikuwa tunaondoka aliponiminya bega. "Dereva, hebu simama."

Mtu alikuwa anakuja kwa miguu, viatu mkononi, sketi imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Pikipiki yake ilikuwa imenasa kwenye mchanga wa korongo, akaiacha huko.

"Jua halijapita," Komba akasema, akihema. "Limegusa tu."

"Mngoni ana macho ya kuhesabia mali za watu," Bibi akamjibu, lakini sauti yake ilikuwa imelowa. "Umekikuta?"

"Nimekikuta."

Bodaboda ikatupeleka zahanati badala ya stendi. Mimi, mtoto niliyekuwa nakimbilia chooni siku ya chanjo, nililala mwenyewe kitandani nikapandisha gauni kabla sijaambiwa. Sindano ya penisilini ilichoma kama nge. Nililia, na naapa kilikuwa kilio cha raha. Bibi akamkabidhi Komba kapu. Komba akasema kanuni za kazi yake hazimruhusu kupokea.

"Mngoni amekataa jogoo," Bibi akalitangazia benchi. "Jamani, Kiyama kimekaribia."

Koo langu lilipofunguka tulimla sisi yule jogoo. Paja nilipewa mimi, na nakumbuka mchuzi wa moto ulivyoteremka bila kukwama popote, huku Bibi akiufuata kwa macho mpaka ulipofika.

Leo niko chuo, na kazi yangu ya jioni ni mdahalo. Mjini hapa neno lenyewe limebadilika: simu mbovu ni kimeo, gari bovu ni kimeo. Juzi kijana mmoja alisimama jukwaani akasema wanavijiji ndio kikwazo cha afya nchini, hawasikii sayansi, na akaimaliza hoja yangu kwa kuiita kimeo. Ukumbi ukacheka. Nikamwambia kimeo changu ninacho, kizima, na ndicho kitakachomjibu.

Na nilimjibu. Lakini yaliyo mengi yalibaki moyoni. Kwamba fundi wa Malolo angeninyang'anya sauti, na kijidudu kingeendelea na safari yake. Kwamba Bibi alikosea dawa, hakukosea ugonjwa. Aliusoma kwa mwili wa mwanawe. Kwamba kilichoniokoa ni sindano, ndiyo, lakini sindano isingenifikia kama Komba asingeuliza swali moja, akasikiliza, kisha akavua viatu akatembea.

Bibi mpaka leo husimulia kwamba Mngoni yule alikata kimeo kwa sindano. Zamani nilikuwa namsahihisha. Siku hizi namwacha, maana mjukuu yeyote akiumwa koo anampeleka zahanati siku hiyohiyo, na habari za Malolo hazimtoki tena mdomoni.

Usiku ule baada ya mdahalo nilimpigia simu. Nilikuwa nimeongea mpaka sauti imekwaruza, na yeye huisikia sauti kabla hajasikia maneno.

"Mke mwenzangu, koo hilo vipi?"

"Nimeongea sana tu, Bibi. Haliumi."

"Kumeza unameza?"

"Nameza."

Akashusha pumzi, ndefu, ikapita kwenye simu kama upepo. "Basi ongea."