Kila Mtu na Nyasi Zake

Wakati wa Zaire, Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima kwa taifa, nasi wanafunzi tukiwemo. Katika shule yetu ya wasichana Kisangani, kila mmoja alipimiwa kipande cha uwanja akate nyasi. Asiyemaliza alirudishwa kwao. Baba, mbeba mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka, alishaapa: nikirudishwa tena, masomo basi, nitauza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni na mama.

Shida ni kwamba sisi wa mwaka wa kwanza, tulioitwa bleu, tulikata vipande vya wakubwa kwanza. Vyetu vilibaki nusu na adhabu ikawa yetu. Wala sikuonewa peke yangu. Kila bleu alikuwa na mkubwa wake, aliyemwita yaya, yaani dada: huyu ananyang'anywa samaki, yule anazabwa makofi chooni. Walimu waliona, wakasema ndivyo mtu anavyokomaa. Ukomavu gani huo! Hasira yake ninayo hadi leo.

Jumamosi moja mkubwa wangu, msichana wa mwaka wa sita, aliketi kivulini akanionyesha kipande chake kwa mguu.

"Bleu, anza na yangu."

"Apana, yaya. Ile iko yako."

"Siye wote tulikatiaka bakubwa. Weye ni nani?"

"Bon, ukasirikie bale bakubwa. Mi sikukuwako."

Kofi likatua, sikio likavuma. Nikaokota panga, nikainama, nikakata changu. Niliogopa, kwa nini niseme uongo? Kisha binti mmoja wa wavuvi wa Yanonge, mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akibisha, akaacha nyasi za mkubwa wake akarudi kwenye zake. Wengine wakamfuata.

Prefe, mkuu wa shule, alipokuja kukagua, vipande vyetu vilikuwa vyeupe. Vya wakubwa vilikuwa na nyasi za kufika kiunoni.

"Citoyennes, hii ni nini?" akawauliza, akiwaita raia kama ilivyokuwa desturi ya siku zile.

Siku hiyo wao ndio waliorudishwa.

Jumatatu wakubwa waliporejea shuleni, walinipigia nyuma ya darasa. Niliingia na mdomo uliovimba, nikaketi dawati la mbele ili wote wauone vizuri.

Miaka ikapita, nikafika mwaka wa sita. Jumamosi ya kwanza, bleu mmoja akanijia na panga mkononi bila kuitwa.

"Yaya, nianze wapi?"

"Na yako," nikamwambia, nikainama kukata changu.