Kitambaa cha Mzazi Hakitiwi Poda

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha damu nikaambiwa ninuse. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na nilidhani nitapewa sindano au kipimajoto. Metroni, yaani bibi mkuu wa wauguzi na wakunga wa hospitali, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na hakuwa na desturi ya kurudia neno. Aliniona nimegeuza uso.

"Unaona kinyaa, Rukia?"

"Kidogo, Metroni."

"Basi rudi kwenu ukauze maandazi. Kitambaa hicho ndicho kitakachokwambia kama mzazi huyu atalea au atazikwa. Yeye mwenyewe hatokwambia, atasema hajambo."

Nikanusa. Hiyo ilikuwa miezi michache baada ya Mapinduzi ya mwaka sitini na nne. Wauguzi wengi wa zamani walikuwa wameondoka Unguja, na sisi wasichana tuliokuwa bado mafunzoni tukatiwa kazini mbio mbio. Nawaandikia nyinyi mnaosomea ukunga leo, kwenye madarasa yenye feni, ili mjue tulivyokuwa tukifanya, na mjue pia kuwa neno nililolisema wakati ule silifuti. Wapo wanaosema uzee umenilainisha, lakini hao hawajakaa na mimi barazani.

Kwetu mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na damu inayomtoka baadaye ni nifasi. Siku za mwanzo huwa nyekundu, kisha inakuwa kama maji yaliyooshewa nyama, halafu hupauka mpaka ikakatika. Harufu yake ni ya damu tu, haina ubaya. Ikianza kunuka kama kitu kilichooza, ujue ndani kumebaki kipande cha kondo ya nyuma, au mji wa uzazi umeingia uchafu, na homa ya uzazi iko njiani. Mara nyingi pua hujua kabla ya kipimajoto. Ndiyo maana mkunga akimzuru mzazi nyumbani hufanya mambo matatu: humpima joto, humpapasa tumbo aone kama mji unateremka chini ya kitovu inavyotakiwa, na huomba kuonyeshwa kitambaa.

Hilo la tatu ndilo gumu. Mwanamke wa Kiunguja hamwonyeshi mtu kitambaa chake. Hufuliwa uwani, huanikwa chini ya kanga, hata mume hakioni. Ukionyeshwa wewe, mtoto wa watu usiye ndugu, ujue umepewa heshima ambayo hainunuliki. Kila nyumba ilikuwa na bibi anayemkanda mzazi na kumlinda mpaka arobaini yake itimie, na bibi huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo. Akikupenda, anakuwekea kitambaa cha alfajiri ndani ya bakuli lenye mfuniko, chini ya kitanda, mpaka upige hodi.

Baada ya mwaka mmoja wodini niliazimwa kwa jumuiya moja ya hisani iliyokuwa ikishughulikia wazazi na malezi ya watoto wachanga. Jina lake sitolitaja, maana watoto wa viongozi wake ni majirani zangu na tunapelekeana futari. Ofisi ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye nyumba yenye ngazi za mbao zilizolia kila ukikanyaga. Asubuhi tulipima watoto uzito na kuwagawia maziwa ya unga wale waliodhoofika. Mchana nilivuka Darajani na mkoba wangu, nikaingia Ng'ambo kuzuru wazazi: Miembeni, Kikwajuni, mpaka Amani. Nilizijua njia zile kwa harufu za majiko yao.

Mkuu wangu pale alikuwa Bi Mwenyekiti. Nataka nimtendee haki: alikuwa mwema. Alivua bangili zake mwenyewe zikauzwa ili mizani ya watoto inunuliwe. Lakini alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya, na kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku moja akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, wakala wa kampuni, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa. Alileta maboksi matatu. La kwanza lilikuwa na sodo za pamba, zile za kuvaa mwanamke anapotoka damu, safi, zimefungwa mbili mbili. La pili poda yenye harufu ya asumini, ya kunyunyizia kwenye sodo. La tatu chupa za dawa ya maji, nayo inanukia, ya kujisafishia sehemu za siri. Alitaka kila mzazi apewe mfuko wenye vyote vitatu, na sisi tuseme maneno machache aliyokwisha kuyaandika. Kwa upande wake angetuletea maziwa ya unga kila mwezi.

Sodo nilizipokea kwa mikono miwili. Nguo ilikuwa adimu, na nilishawaona wazazi wakichana mapazia. Wanaosema Rukia alipinga usafi wa wanawake hawakuwepo. Nilichopinga ni poda, na chupa, na yale maneno. Yalisema mama anayenuka humkimbiza mume, na kwamba mzazi safi ni yule ambaye hakuna anayejua kuwa anatokwa na damu.

"Bi Mwenyekiti," nikamwambia, "mimi kazi yangu ni kujua kuwa anatokwa na damu."

"Rukia, hatuuzi kitu. Tunatoa bure."

"Bure mfuko wa kwanza. Wa pili atakwenda kuununua, na atakwenda kwa sababu sisi tumemwambia ananuka."

"Na maziwa? Nikimkatalia bwana huyu, watoto wanaodhoofika utawaambia nini? Nambie mimi, nikawaambie mama zao."

Swali la maziwa lilikuwa gumu, na hata leo naliona gumu. Lakini ugumu wa swali haufanyi jibu baya kuwa zuri. Nikasema sitoyasoma maneno yale, akasema basi atayasoma mwenyewe, na akayasoma kila asubuhi kwa sauti yake nzuri, wazazi wamekaa mikekani wanamsikiliza. Walimwamini. Kwa nini wasimwamini? Ndiye aliyewapimia watoto wao.

Haukupita muda nikaanza kuyaona majumbani. Nikipiga hodi naambiwa, "Karibu, Nesi," na uji wa mzazi, wenye pilipili manga, napewa, lakini bakuli chini ya kitanda halipo. "Nshafua." "Nshatupa." "Hakuna kitu leo." Vyumba vya wazazi, ambavyo siku zote vilinukia udi na mafuta ya nazi, vikawa vinanukia asumini ya kopo. Mlango nimefunguliwa, lakini ndani nimefungiwa. Nilimweleza Bi Mwenyekiti, akaniambia niwape muda watazoea.

Kulikuwa na binti mmoja Miembeni, Zuwena, uzazi wake wa kwanza, mtoto wa kike. Aliyemlea ni bibi yake, Bi Mize, mzaliwa wa Tumbatu, mwanamke asiyecheka na nesi. Nilipofika siku hiyo, wiki moja tangu ajifungue, nilimkuta Bi Mize kakaa kizingitini, mikono shavuni.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Ingia wewe. Mimi mjukuu wangu hanitaki tena chumbani, ati nna mambo ya kizamani."

Zuwena alikuwa amekaa kitandani, amejipodoa, kanga mpya, uso unang'aa. Chumba kilijaa asumini mpaka nikapiga chafya. Mtoto analia, analilia titi lisilotoka maziwa.

"Sijambo, Nesi. Nshajisafisha, hakuna cha kuona."

Nikamshika mkono nimpe salamu, na mkono ulikuwa moto. Kule kung'aa kulikuwa kwa homa. Nikamlaza, nikampapasa tumbo: mji uko juu ya kitovu, mahali ambapo haukuwa na haki ya kuwapo siku zile. Nilipobonyeza akauma kanga asipige kelele.

"Zuwena, mwanangu, kitambaa kiko wapi?"

Akajifunika uso.

"Nitazame. Kinanuka?"

"Tokea juzi," akasema chini ya kanga. "Waliniambia ukinuka ndo uchafu wako mwenyewe. Nikatia poda. Kikizidi nami nikazidisha. Usimwambie mtu, Nesi. Mume wangu asisikie."

Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Hakumgombeza. Alikwenda akamfunga kanga ya pili kiunoni, akasema, "Mficha uchi hazai, mjukuu wangu, na wewe ushazaa. Sasa unaficha nini?" Kisha akatoka kumwita jirani mwenye teksi.

Tukampeleka hospitali. Daktari alimtoa kipande cha kondo kilichobaki, akachomwa penisilini, na kwa siku kadhaa hatukujua upande gani ataangukia. Bi Mize alilala chini ya kitanda cha wodi na yule mtoto kifuani, akimpoza kwa maji ya sukari. Mimi nilikuwa nikipita kabla ya kazi na baada ya kazi. Niseme kweli, nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, na sikujua niielekeze wapi, maana kila aliyehusika alikuwa ametaka mema. Zuwena alipona. Wengine nisingewajua, kwa sababu wangekufa wakinukia.

Metroni aliniita ofisini. Nilimweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini jumuiya ile ina marafiki wakubwa, na maziwa yanatufaa. Wewe gawa tu mifuko. Maneno usiyaseme. Ukiwa majumbani, fanya kazi yako."

"Na wakinificha vitambaa?"

"Wabembeleze."

Siku ya pili yake bwana wakala alikuwapo ofisini kwa jumuiya na mpiga picha. Wazazi wamejaa mikekani. Bi Mwenyekiti akaniambia nigawe mifuko, mimi niliyevaa sare nipendeze pichani. Nikachukua mfuko wa kwanza, nikatoa sodo nikampa mzazi, poda na chupa nikavirudisha kwenye boksi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu pia.

"Rukia, unafanya nini?" Bi Mwenyekiti akauliza.

Niliwageukia wazazi. "Sodo hizi ni nzuri, zivaeni. Poda jipakeni kwapani mkiwa mnakwenda harusini. Kule chini msitie kitu. Damu ya mzazi ina harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayonambia mimi kama mtaiona Idi. Msinifiche. Mwenzenu tumemtoa kaburini juzi kwa sababu alinionea haya."

Bwana wakala, kwa upole wake, akasema bidhaa yake inauzwa nchi nyingi na haijaleta malalamiko.

"Chema chajiuza, bwana," nikamwambia. "Kibaya chajitembeza. Na hiki chako kinatembezwa kwa miguu yangu. Miguu yangu siitoi."

Mzee mmoja wa kike nyuma akacheka kwa sauti. Mpiga picha akafunga kamera yake.

Nilitakiwa niombe radhi kwa jumuiya na kwa mgeni. Nikasema mgeni nitamwomba radhi kwa kumkatiza maneno, lakini kwa maneno yangu mimi, la. Hawakutaka nusu radhi. Nikahamishwa shamba, Tunguu, kwenye kituo kidogo cha matibabu chenye kitanda kimoja na popo darini. Siku ya kuaga, Metroni alinisindikiza mpaka kwenye ngazi za hospitali.

"Nnakubali ulilolisema, Rukia. Sikubali ulivyolisema."

"Metroni, ulinifundisha kunusa. Kunong'ona hukunifundisha."

Alitaka kucheka akajizuia, akarudi ndani. Maboksi ya poda yaliendelea kutolewa miezi michache, kisha biashara ya wakala ikakatika na maziwa yakakatika nayo. Ndivyo inavyokuwa ukimfungia mtoto chakula chake kwenye mkia wa bidhaa: ikiondoka, inaondoka nacho.

Tunguu nilikaa miaka mingi, ndimo ilimonikuta ile miaka ya foleni za unga, mchele na nguo. Nilishona sodo kwa mkono, kwa kanga kuukuu zilizochemshwa na kuanikwa juani, nikawagawia wazazi bila hotuba. Hakuna aliyeninyima kitambaa chake. Nilizalisha watoto mpaka watoto wao, na nilistaafu nikiwa sijasoma maneno ya kampuni yoyote mbele ya mzazi yeyote.

Siku hizi naulizwa, kwani kuna ubaya gani jumuiya za malezi zikiwajulisha wazazi wachanga vitu vya usafi? Jibu langu ni lile lile. Wapeni sodo, wapeni sabuni, wapeni maji ya moto, na mkimaliza nyamazeni. Mwanamke aliyetoka kuzaa amelala, amechoka, anaogopa kila kitu, anaamini kila anayeingia na mkono mwema. Ukitumia imani ile kumtia haya ya mwili wake, umemwibia, hata kama ulichompa ni cha bure. Mimi nimesema hivyo kijana, nasema mzee, na atakayechukia achukie.

Mwaka jana Zuwena alimtuma mtu kunichukua Miembeni. Sasa naye ni bibi, tena mkali kuliko Bi Mize, Mungu amrehemu. Yule mtoto wa kike tuliyempoza kwa maji ya sukari alikuwa amejifungua kitinda mimba wake, na shirika fulani limemletea mfuko wenye utepe, ndani mna chupa inayonukia.

"Mwanangu kaambiwa anukie maua," Zuwena akasema. "Chupa nshaipeleka chooni, nasugulia sakafu. Ingia unuse wewe."

Nikamwambia pua yangu imezeeka. Akasema yangu iliyozeeka inamtosha. Akapiga magoti, akavuta bakuli lenye mfuniko kutoka chini ya kitanda, akaniwekea mapajani, na binti yake akanitazama bila kujifunika uso.

Nikafunua. Damu, damu tu ya mzazi mzima.

"Mpeni uji wa pilipili manga," nikasema, nikalifunika.